Somo: Namna ya kufuatilia jinsi mataifa yalivyoingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba mwaka 1914 Ulaya ilikuwa imegawanyika katika kambi mbili, na kwamba baada ya mauaji ya Sarajevo kila nchi iliburutwa vitani na mkataba iliokuwa imeutia saini. Maelezo hayo yana sehemu ya ukweli, lakini hayajibu swali moja la msingi: kwa nini Italia, iliyokuwa imetia saini, ilikaa kando, ilhali Uingereza, ambayo haikuwa na mkataba wa kijeshi na Ufaransa, iliingia vitani katika siku za kwanza kabisa? Chukua karatasi uchore safu nne: nchi, tarehe iliyoingia vitani, adui wake wa kwanza, na mkataba uliohusika, kama ulikuwapo.

Hatua ya kwanza: soma masharti ya mikataba

Mwaka 1879 Ujerumani na Austria-Hungaria ziliahidiana kusaidiana endapo mojawapo ingeshambuliwa na Urusi, na mwaka 1882 nchi hizo mbili pamoja na Italia zikaunda Muungano wa Nchi Tatu. Upande wa pili, Ufaransa na Urusi zilikamilisha mkataba wao wa kijeshi mwaka 1894. Uingereza ilielewana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907, lakini maelewano hayo yalihusu hasa mipaka ya maslahi yao katika nchi kama Misri, Moroko na Uajemi, wala hayakuwa na kifungu cha kuilazimisha kupigana. Zingatia kwamba mikataba hii ya kijeshi iliandikwa kuwa ya kujihami, kwa hiyo nchi iliyoanza kumshambulia jirani yake haikuwa na haki ya kudai msaada kwa mujibu wa maandishi. Serbia, kwa upande wake, haikuwa na mkataba wa kuilazimisha Urusi iitetee.

Hatua ya pili: fuata Julai 1914 siku kwa siku

Hapa usiharakishe. Tarehe 28 Juni Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, alimuua kwa risasi mjini Sarajevo Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Tarehe 5 Julai Kaisari Wilhelm II aliihakikishia Austria-Hungaria kwamba Ujerumani ingesimama nayo hata kama Urusi ingeingilia kati. Mkataba wa 1879 haukudai ahadi pana kiasi hicho, na kwa maoni yangu uamuzi huu ndio ulioifanya Vienna, yaani serikali ya Austria-Hungaria, ithubutu kufanya yaliyofuata.

Tarehe 23 Julai, saa kumi na mbili jioni, Serbia ilikabidhiwa barua ya masharti iliyotakiwa kujibiwa ndani ya saa 48. Waziri Mkuu Nikola Pašić aliyapeleka majibu yeye mwenyewe dakika chache kabla ya muda kwisha. Serbia ilikuwa imekubali sehemu kubwa ya masharti, ila ilikataa maofisa wa Austria-Hungaria kushiriki uchunguzi wa mauaji ndani ya ardhi yake. Balozi Giesl wa Austria-Hungaria aliyapitia majibu hayo harakaharaka, akaona hayatoshi, na kufikia saa kumi na mbili na nusu alikuwa tayari ndani ya treni ya kuondoka Belgrade. Mtu aliyekusudia kuyapima majibu hayo kwa dhati asingeondoka upesi namna hiyo. Vita dhidi ya Serbia vilitangazwa tarehe 28 Julai.

Tsar Nicholas II naye alisitasita. Tarehe 29 aliidhinisha kukusanywa kwa majeshi yote ya Urusi, akaifuta amri hiyo usiku baada ya kupokea simu ya maandishi kutoka kwa Wilhelm, kisha tarehe 30 akaitoa upya.

Hatua ya tatu: tazama mipango ya majeshi

Ujerumani ilitarajia kupigana pande mbili, hivyo mpango wake ulikuwa kuishinda Ufaransa katika muda wa takribani wiki sita, kisha kuigeukia Urusi ambayo ilihitaji muda mrefu kukusanya askari wake. Ndiyo maana ugomvi ulioanzia Balkani ulihamia Ubelgiji. Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti na dhidi ya Ufaransa tarehe 3, na tarehe 4 majeshi yake yakaingia Ubelgiji, nchi ambayo mkataba wa London wa mwaka 1839, uliotiwa saini na Uingereza pia, uliihakikishia kutofungamana na upande wowote. Usiku huohuo, saa tano kwa saa za London, Uingereza nayo ikawa vitani.

Hatua ya nne: ongeza makoloni

Tangazo la Uingereza liliifunga milki yake nzima, ikiwamo India, Kanada na Australia, na hakuna mwenyeji yeyote wa Afrika Mashariki aliyeulizwa. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulitoa nafasi ya bonde la Kongo, ambalo kimkataba lilienea hadi pwani yetu, kuwekwa nje ya vita vya Ulaya, na Heinrich Schnee, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alilitegemea jambo hilo. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilikishambulia kituo cha redio cha Dar es Salaam. Wiki moja baadaye Wajerumani waliiteka Taveta.

Hatua ya tano: waliochelewa

Japani iliingia tarehe 23 Agosti 1914, ikitaja mkataba wake wa mwaka 1902 na Uingereza, huku ikiitaka bandari ya Qingdao iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Milki ya Osmani ilikuwa na mkataba wa siri na Ujerumani tangu tarehe 2 Agosti, lakini iliingia vitani baada ya meli zake kuzishambulia bandari za Urusi tarehe 29 Oktoba. Bulgaria ilifuata Oktoba 1915, ikitaka kurudishiwa Makedonia.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Je, si kweli kwamba Italia iliwasaliti wenzake?

Marahaba. Mwaka 1914 haikuwasaliti, kwa sababu Austria-Hungaria ndiyo iliyoanza vita, tena bila kushauriana nayo kama mkataba ulivyotaka. Mwaka 1915 hali ilikuwa tofauti: kwa mkataba wa siri wa tarehe 26 Aprili, Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliiahidi Trentino na Trieste, maeneo ya Austria-Hungaria, na tarehe 23 Mei ikatangaza vita dhidi ya Austria-Hungaria. Romania ilifanya vivyo hivyo Agosti 1916, ingawa tangu mwaka 1883 ilikuwa na mkataba wa siri na upande wa Ujerumani.

Mimi ni mwenyeji wa Mtwara. Ureno ilihusikaje, ikiwa haikuwa katika kambi yoyote?

Ureno ni rafiki wa Uingereza kwa mkataba tangu mwaka 1373, lakini haikuingia rasmi mwaka 1914. Mwanzoni mwa 1916, kwa ombi la Uingereza, ilizikamata meli za Kijerumani zilizokuwa bandarini mwake, na tarehe 9 Machi Ujerumani ikaitangazia vita. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, akipora chakula na silaha za Wareno.

Kwa Marekani niandike mkataba gani katika safu ya nne?

Andika kwamba hapakuwa na mkataba. Marekani ilitangaza vita tarehe 6 Aprili 1917, baada ya Ujerumani kurejesha mashambulizi ya nyambizi yasiyo na mipaka, na baada ya kufichuliwa kwa simu ya maandishi ya Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, iliyoiahidi Meksiko ardhi ya Marekani. Hata baada ya hapo Rais Woodrow Wilson hakutia saini muungano wowote, na nchi yake iliitwa mshiriki wa Uingereza na Ufaransa, si mwanachama wa muungano wao.