Kuzunguka Iceland kwa gari bila kumaliza akiba

Mkienda Iceland kiangazi, pesa nyingi huishia mikahawani. Nunueni chakula kwenye maduka ya Bónus au Krónan kabla ya kutoka Reykjavík, mjipikie kambini. Maji msinunue kabisa. Ya bomba, yale ya baridi, ni safi na matamu. Barabara namba 1 inayozunguka kisiwa ina kilomita 1,300 na ushee, kwa hiyo tengeni siku 8 hadi 10, msikimbizane. Mwezi Juni giza haliingii, hata saa nne usiku mtaona maporomoko ya Skógafoss vizuri, na watu wamepungua. Na tafadhali, shikeni sana mlango wa gari mnaposhuka! Upepo wa kule huupindua mlango, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipii hasara hiyo.