Namna ya kuchambua shairi: vina, mizani na kibwagizo

Bandugu, kosa kubwa yetu sisi ba Bukavu ni kuhesabu mizani (silabi za mshororo) Kifaransa. Ku masomo tulizoea aleksandrini, silabi 12, inakatika kati 6 na 6, na ile e ya mwisho haihesabiwi. Sasa unapata shairi ya Kiswahili unaingia nayo na akili ile ile, unapotea. Kwetu kila vokali inasikika na inahesabiwa, na mshororo wa kawaida iko na mizani 16: 8 za ukwapi (nusu ya kwanza), 8 za utao (nusu ya pili).

Kamata kaye na biki. Hii ubeti nimeitunga mwenyewe, musinicheke:

Kivu ziwa la amani, mwangaza wako naona
Wavuvi wako majini, nyimbo wanapokezana
Sambaza ziko chunguni, watoto wamebanana
Kesho tena ufukweni, tutaonana mchana

Soma kwa sauti, si kwa macho tu, na upige kidole ku meza kwa kila silabi. Mwangaza ni tatu juu mwa inatoka pamoja. Penye batu banaanguka ni mchana: ile m inasimama peke yake, m-cha-na, tatu. Ukisema mbili, mshororo unabaki na 15 na utaandika mu egzame asema mshairi amekosea, kumbe njo wewe. Mimi iliniponza, mapointi ikaenda. Mbuzi yeye ni mbili tu, mbu-zi. Ukikuta neno limefupishwa (nendapo pahali ya niendapo) iyo inkisari, limerefushwa (enenda pahali ya enda) iyo mazida, andika jina uendelee.

Vina sasa, ile silabi za mwisho zenye kufanana. Vya kati ni -ni, vya mwisho ni -na, mishororo yote ine. Wengi banaandika ivyo banafunga kaye, na profe anabapa nusu. Angalia ile -na inatoka ku neno gani: wanapokezana na wamebanana ni vitendo vya batu benye kuwa pamoja, na ku mshororo wa ine kina iko mu mchana lakini mbele yake kuko tutaonana, nayo ya batu pamoja. Mshororo wa kwanza tu njo uko na naona, mutu mumoja anaangalia kwa mbali. Ku sikio kina ni kile kile lakini yeye hajaingia mu kundi, anaingia ku mshororo wa mwisho. Hapa njo uchambuzi unaanza, kule kuhesabu ilikuwa kuosha sambaza (samaki kadogo ya ziwa) tu, bado hatujakaanga.

Kibwagizo: mshororo wa ine ukirudia ku kila ubeti, usiandike tu asema unaleta msisitizo, iyo kila mutu anaandika. Angalia kila mara unaporudi umekuta nini mbele yake. Tuseme ku ubeti wa tano pirogi imeonekana tupu kando ya kisiwa cha Idjwi, kisha inakuja tena "Kesho tena ufukweni, tutaonana mchana". Maneno ni yale yale, mizani 16 ile ile, lakini sasa nani ataonana na nani? Andika iyo swali mu kaye, jibu yake njo paragrafu yako.