Chora mbuzi ya nazi bila kuinua kalamu

Nenda jikoni, chukua mbuzi ya kukunia nazi, ikunjue na uiweke sakafuni mbele yako. Ndiyo ninayowaanzishia wanafunzi wangu, kwa sababu kila mtu anaijua tangu utotoni, na wengi wakiambiwa waichore kwa kichwa hukwama pale pale: miguu inapopishana.

Hatua ya 1. Tafuta kalamu ya wino ya kawaida na karatasi ya A4. Penseli iache, penseli huita raba, na ukishaanza kufuta umeshaacha kutazama. Bandika karatasi kwa selotepu isikukimbie.

Hatua ya 2. Tega simu ilie baada ya dakika 5. Tua ncha ya kalamu karatasini, halafu usiitazame tena karatasi hadi mlio. Mimi huanzia kwenye ncha ya ulimi wa chuma. Jicho litambae ukingoni kama konokono, mkono ufuate kwa mwendo huo huo. Ukifika kwenye jino, panda nalo, shuka nalo. Usichore "meno", chora jino hili, kisha la pili yake, ambalo huenda limelika. Mbuzi ya kwetu ina jino moja lililopinda kwa ndani. Tumeikunia nazi miaka mingi, nami sikuwahi kuliona mpaka kalamu ilipolipitia.

Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha uchoraji New York hadi alipofariki 1938, aliwataka wanafunzi wawaze kwamba ncha ya penseli inagusa kitu chenyewe, si karatasi. Jaribu hivyo, utashangaa mkono unavyopunguza mwendo.

Picha itatoka kituko. Usiitupe, andika tarehe nyuma.

Hatua ya 3. Sasa ruhusa kutazama karatasi, lakini kalamu bado haiinuki. Hapo ndipo kazi ilipo. Umemaliza kibao cha kukalia, unataka kwenda mguu wa ndani: utapitia wapi? Unaweza kurudi juu ya mstari uleule, au kukata katikati na kuuacha mstari uonekane. Mimi hutafuta kitu kinachounganisha, iwe ufa wa mbao, kivuli au kichwa cha msumari, na mara nyingi kipo.

Kwenye miguu, sahau mbao kwanza. Tazama uwazi uliobaki kati yake, ile pembetatu inayoonyesha sakafu. Ni pana au nyembamba? Upande gani umeinama zaidi? Ukiipata pembetatu, miguu inajileta yenyewe. Mimi zamani niliichora miguu yote kwa urefu mmoja kwa kuwa nilijua ni sawa, na mbuzi yangu ikawa kama imepigwa pasi. Kwa macho, mguu wa mbali ulikuwa mfupi.

Hatua ya 4. Igeuze mbuzi, anzia mguuni, rudia hatua ya 2 na ya 3. Picha mbili kwa siku zinatosha. Ya tatu huwa ya uchovu.

Na wakiihitaji jikoni kabla hujamaliza, wape, kisha mchore anayekuna akiwa ameikalia. Mikono haitatulia, kwa hiyo anzia mgongoni, shuka hadi kwenye kibao, na mikono uichukue kila inaporudi pale ilipokuwa.