Digrii ya mawasiliano upande wa redio na TV: hesabu krediti zako mwenyewe toka mwaka wa kwanza

Wadogo zangu mnaosoma hapa Dodoma na mnaosubiri majina ya udahili, naomba mnisikilize kidogo. Mimi semista ya mwisho kabisa, wenzangu wanashonesha nguo za mahafali, naitwa ofisini naambiwa napungukiwa krediti 8 (krediti ni kipimo cha ukubwa wa kozi). Kumbe kozi moja niliyochukua mwaka wa pili ilikuwa ya idara nyingine na haikuwepo kwenye orodha ya kozi za kuchagua za digrii yangu. Lekcha aliniambia kwa mdomo itahesabiwa tu, nikaamini, karatasi sina. Nikakaa mwaka mzima nyumbani kwa ajili ya kozi moja.

Sasa tuanze. Kuingia kwa fomu six unatakiwa uwe na prinsipo mbili (masomo makuu uliyofaulu) zenye jumla ya pointi 4 kwenda juu, na wa diploma awe na GPA (wastani wa alama zake zote) ya 3.0 pamoja na D nne kwenda juu za fomu foo, afu kila chuo kinaongeza vyake, kwahiyo soma kitabu cha udahili cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka wako, sio cha kaka yako. Na kabla hujaomba jiulize unapenda nini: kukaa mbele ya maiki na kutengeneza vipindi, au mitambo inayorusha matangazo. Ni digrii mbili tofauti. Pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kwa mfano kuna digrii ya sayansi ya uhandisi wa maudhui ya kidijitali na utangazaji, ile ni ya watu wa sayansi, usije ukaiomba ukidhani utafundishwa kusoma taarifa ya habari.

Ukishaingia, kitu cha kwanza tafuta prospektasi (kitabu cha chuo chenye orodha ya kozi zote), fungua ukurasa wa kozi yako, chukua daftari. Digrii ya miaka mitatu ni krediti 360 kwenda juu, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa semista. Krediti moja ni masaa 10 ya kazi na hapo wamehesabu vyote, lekcha, semina, studio, kusoma mwenyewe na mtihani, kwahiyo semista moja ni masaa 600, ukigawa kwa wiki 17 unapata kama 35 kila wiki. Mtu anayekwambia mass com, yaani hii digrii ya mawasiliano, ni kozi ya kupumzika hajawahi kupiga hii hesabu. Na wale mnaogugo, angalieni sana, ukikuta chuo cha Marekani kimeandika krediti 120 ile ni digrii nzima ya miaka minne, wao krediti moja ni karibu saa moja darasani kila wiki kwa semista nzima. Usichanganye, nimeona watu wanadhani wameshamaliza.

Chora safu tatu kwenye daftari: kozi za lazima za chuo kizima (stadi za mawasiliano, masuala ya maendeleo na kompyuta mara nyingi zinakaa hapa), kozi za lazima za idara yako (nadharia, sheria na maadili ya habari, uandishi wa habari, utafiti), halafu za kuchagua. Hiyo safu ya tatu ndo inaua watu. Uandishi wa redio, utayarishaji wa vipindi vya TV, uhariri wa sauti na picha, maudhui ya mtandaoni, hizi ndo zinakufanya uwe mtu wa vyombo vya kielektroniki, na nyingi huwezi kuichukua ya mwaka wa tatu kama hujafanya ya mwaka wa pili. Angalia pia inatolewa semista ipi, maana ukiikosa unasubiri mwakani. Na ukitaka kuchukua kozi ya idara nyingine omba ruhusa kwa barua, jibu lenye saini litunze hata kama lekcha ni mtu mzuri kiasi gani.

GPA inapimwa kwa uzito wa krediti. A (pointi 5) kwenye kozi ya krediti 12 na C (pointi 2) kwenye ya krediti 8 unapata 60 na 16, jumla 76 gawa kwa 20, ni 3.8. Kozi nzito ndo uzikeshee. First class (daraja la kwanza) inaanzia 4.4, upper second (daraja la pili la juu) 3.5, na ukishuka chini ya 2.0 ni disko, yaani unaondolewa chuo.

Kozi za studio zina kitu kimoja cha hapa kwetu nataka mkijue, upepo. Julai na Agosti ukienda kurekodi Soko la Majengo na simu mkononi, ukifika studio unasikia vuuu tu, muuza zabibu humsikii hata jina. Ivalishe maiki soksi nene safi, mgeuze mtu mgongo wake uelekee upepo au msimame nyuma ya ukuta, maiki iwe shubiri moja chini ya kidevu, pembeni kidogo. Vaa hedifoni MUDA WOTE. Afu rekodi nusu dakika ya sauti ya soko peke yake bila mtu kuongea, itakuokoa kwenye kuhariri.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mara nyingi ni wiki 8 za likizo ndefu. Peleka barua mapema Dodoma FM, Redio Mwangaza, TBC, usisubiri wenzako. Logibuku (daftari la kuandika kazi ulizofanya) isainiwe kila wiki, sio siku ya mwisho. Na mwaka 2016 ilitoka Sheria ya Huduma za Habari, kanuni zake za 2017 zikaweka diploma kuwa kiwango cha chini cha mwandishi wa habari, kwahiyo hata kama sauti yako ni tamu vipi cheti utaulizwa.

Mwisho wa kila semista chapisha matokeo, kaa na prospektasi pembeni, tiki moja moja. Mwaka wa tatu semista ya KWANZA, sio ya pili, nenda kwa mratibu wa kozi na hiyo karatasi umwombe akague akuandikie umebakiza nini. Kama kuna krediti zimepungua, bado una semista moja ya kuzilipa.