Kabla goti la mtoto halijapasuliwa

Binti yangu aligeuka na mpira wa kikapu, hakuna aliyemgusa, goti likalia "tak". Kufika jioni pia ya goti haikuonekana kwa uvimbe. Alikuwa na miaka 13, na MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) ilionyesha kano ya mbele ndani ya goti imekatika.

Ukifika kwa daktari, uliza kwanza: mifupa yake bado inakua? Karibu na ncha za mfupa wa paja na wa muundi kuna tabaka la gegedu linalorefusha mguu. Likijeruhiwa wakati wa kutoboa mfupa ili kupitisha kano mpya, mguu unaweza kupinda au kupitwa na mwenzake. Umri wa kuzaliwa hautoshi. Eksirei ya kiganja husaidia kusoma umri wa mifupa yenyewe. Kisha uliza kano mpya itatoka wapi. Anayekua bado humfaa kano tupu ya paja, isiyo na mfupa. Ile inayochukuliwa na vipande vya mfupa huepukwa, kwa kuwa mfupa ukikaa kwenye tabaka hilo unaweza kulifunga. Kano ya marehemu nayo hukatika tena upesi kwa vijana. Menisko, yaani kitakizo cha gegedu ndani ya goti, ikiwa imechanika, ishonwe kama inashoneka, isikatwe.

Goti lisipokuwa limekwama, subirini uvimbe upungue na mguu unyooke ndipo apasuliwe.

Baada ya upasuaji nilifanya kosa la huruma: nilimwekea mto chini ya goti. Siku ya kumi mtaalamu wa mazoezi alipitisha kiganja chini ya goti, kikapita bila kugusa ngozi. Mguu ulikuwa unazoea kukunjika. Weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti libaki hewani, akaze paja hadi pia ya goti ipande, ahesabu tano, alegeze. Atalia. Endeleeni, mara kadhaa kwa siku.

Homa, kidonda kutoa usaha, au kigimbi kuvimba na kuuma: hospitali siku hiyohiyo. Akikosa pumzi, hapohapo.

Kurudi uwanjani si kabla ya miezi 9, na kwa watoto wengi ni karibu 12. Hata hapo kalenda peke yake haimruhusu. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake. Mwezi wa sita binti yangu alipanda ngazi mbilimbili, akaniona mchawi kwa kumkatalia. Mwezi wa kumi aliruka kwa mguu usiopasuliwa sentimita 140, kwa uliopasuliwa 118, kama asilimia 84 tu. Akarudishwa kwenye mazoezi ya goti, si uwanjani, na njia nzima hakunisemesha.