Soma mita janja ya kiwanda chako kabla bili haijafika

Mavuno ya mpunga yakiisha, wenye mashine za kukoboa huniuliza swali lilelile: "Fundi, mashine zimelala, mbona bili haijalala?" Wengi wanadhani mita imeharibika au kuna mtu anawaibia umeme. Mara nyingi mita ni nzima kabisa. Imekumbuka tu nusu saa moja ya mwezi uliopita ambayo mwenye mashine ameshaisahau.

Mita janja hujisoma yenyewe na kutuma namba zake kwa mtandao wa simu. Hilo limeondoa makosa ya msomaji aliyekuja na daftari na kuandika 3 badala ya 8, lakini pia limewafanya wenye biashara waache kabisa kuitazama mita. Mwongozo huu ni wa kukurudisha pale ukutani. Nauandika kwa mtu wa Tanzania mwenye kiwanda kidogo, karakana, mashine ya nafaka au chumba cha baridi. Wa Kenya nawe utapata kitu, nitakutaja njiani.

Hatua ya 1: Jua uko kundi gani

TANESCO huwagawa wateja katika makundi ya bei. Angalia bili yako au risiti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ukiwa T1, unalipia uniti tu, na hatua nyingi hapa hazikuhusu sana; ruka uende hatua ya 6. Ukiwa T2, umeunganishwa kwenye volti 400, unatumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, na dimandi yako, yaani kilele cha umeme unaovuta kwa pamoja, haizidi kVA 500 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa mzigo huo). Juu ya hapo ni T3, ambako umeme unapokelewa kwenye msongo wa kati au mkubwa.

Mteja wa T2 analipa vitu vitatu. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, mwaka 2016, uniti moja ni shilingi 195, kila kVA ya dimandi ni shilingi 15,004 kwa mwezi, na ada ya huduma ni shilingi 14,233. Juu yake huja kodi na tozo. Nitatumia bei hizo katika mifano yote. Wewe weka zilizoandikwa kwenye bili yako.

Tuseme umetumia uniti 9,600 na dimandi yako ni kVA 60. Uniti ni 1,872,000, dimandi 900,240, huduma 14,233, jumla 2,786,473 kabla ya kodi. Karibu theluthi ya hela hiyo haihusiani na wingi wa umeme uliotumia. Inahusiana na namna ulivyoutumia.

Hatua ya 2: Zungumza na skrini

Mita hizi zina kitufe kimoja au viwili vya kuzungusha skrini. Kila ukurasa una kodi ndogo pembeni (namba ya utambulisho, siyo kodi ya serikali), na kodi hizo zinafuata mfumo mmoja wa kimataifa, kwa hiyo hata mita ikiwa ya kampuni nyingine utakuta nyingi zinafanana. Unazozihitaji ni hizi:

1.8.0 ni jumla ya uniti ulizopokea tangu mita ifungwe. 9.6.0 ni dimandi kubwa kabisa ya mwezi huu kwa kVA. Baadhi ya mita zinaonyesha 1.6.0, ambayo ni dimandi kwa kW. 13.7.0 ni pawafakta ya sasa hivi, yaani sehemu ya umeme unaovuta ambayo kweli inafanya kazi. 32.7.0, 52.7.0 na 72.7.0 ni volti za fezi tatu, na 31.7.0, 51.7.0 na 71.7.0 ni ampea zake. 0.9.1 na 0.9.2 ni saa na tarehe ya mita. Ukiwa na sola inayorudisha umeme kwenye gridi, 2.8.0 ndiyo uniti ulizotoa.

Namba za mwezi uliofungwa huwa zimehifadhiwa pembeni kwa alama kama *01 au -1. Hizo ndizo za kulinganisha na bili, maana 9.6.0 ya mwezi huu huanza upya kila mwezi unapofungwa.

Ukiwa hapohapo, tazama fezi zote tatu mashine zikiwa kazini. Fezi moja ikionyesha volti sifuri huku mota zinazunguka vizuri, waya wa volti wa mita umekatika au fyuzi yake imekufa, na mita inahesabu pungufu kwa takribani theluthi. Usifurahi. Siku ikigunduliwa utadaiwa nyuma, na utaulizwa kwa nini hukusema. Toa taarifa, na usiguse sili kwa mkono wako wala wa fundi wako.

Hatua ya 3: Tafuta kizidishio

Kiwanda kinachovuta mkondo mkubwa hakipitishi mkondo wote ndani ya mita. Unapunguzwa kwanza na CT, yaani transfoma ya mkondo. CT ya 200/5 inapunguza mara 40, kwa hiyo namba ya mita inazidishwa kwa 40 ili kupata uniti halisi. Mita nyingine zimepangwa zionyeshe namba iliyokwisha kuzidishwa, na hapo ukizidisha tena unajitia kichaa bure.

Namna rahisi ya kujua: fundi mwenye ujuzi apime ampea za fezi ya kwanza kwa klampu (kipimo kinachobana waya) kwenye waya mkuu, wakati uleule wewe unasoma 31.7.0. Klampu ikisema 84 na skrini ikisema 2.1, kizidishio ni 40. Zote zikisema 84, hakuna cha kuzidisha.

Kisha linganisha na kizidishio kilichoandikwa kwenye bili. Hatari iko pale ulipoongezewa umeme na CT zikabadilishwa. Bili ikitumia 60 wakati CT zilizopo ni 200/5, unalipa nusu zaidi ya unachotumia, uniti na dimandi pamoja. Ikiwa kinyume, deni linakusubiri.

Hatua ya 4: Fahamu dimandi

Hapa ndipo hela ilipo, nitakaa kidogo.

Mita inaugawa mwezi katika vipande vya muda, mara nyingi dakika 30. Kwa kila kipande inapata wastani wa kVA ulizovuta. Mwisho wa mwezi kipande kimoja tu, kile kikubwa kuliko vyote, ndicho kinachoingia kwenye bili. Ukifanya kazi kwa utulivu siku 29 na nusu, halafu Alhamisi moja ukawasha kila kitu kwa pamoja kwa sababu lori la mteja linasubiri, Alhamisi hiyo ndiyo utakayoilipia.

Watu wengi, na mafundi wamo, wanaamini kinachopandisha dimandi ni mshtuko wa kuwasha mota. Piga hesabu. Mota ikivuta mara sita ya kawaida kwa sekunde 10, ziada yake ni sawa na sekunde 50 za kazi ya kawaida. Katika sekunde 1,800 za nusu saa hiyo ni chini ya asilimia 3 ya mzigo wa mota hiyo. Stata laini, kifaa cha kuwasha mota polepole, ina faida zake kwa mkanda na kwa volti ya jirani, lakini usinunue kwa tumaini la kushusha dimandi. Kinachopandisha dimandi ni mashine kufanya kazi pamoja kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kuwasha moja, kungoja dakika mbili, kisha kuwasha nyingine hakutoshi. Zinatakiwa zisikutane katika nusu saa ileile. Kwenye mashine ya mpunga, kinu na elevata haviachani, hilo linaeleweka. Ila pampu ya kisima inaweza kujaza tenki usiku, welding ya matengenezo inaweza kungoja kinu kizimwe, na kompresa inaweza kujaza mtungi kabla ya kazi kuanza.

Mita nyingi huandika tarehe na saa ya kilele pamoja na 9.6.0. Hiyo saa ina thamani kuliko namba yenyewe. Ikisema tarehe 11 saa nane na nusu mchana, nenda kamuulize msimamizi wa zamu siku ile kulikuwa na nini. Hakikisha kwanza saa ya mita iko sawa na ya simu yako, usije ukamsumbua mtu wa zamu nyingine.

Sasa lile swali la mashine zilizolala. Katika masharti ya bei ya TANESCO, dimandi unayolipia ni ile kubwa kati ya mbili: kVA zilizosomwa mwezi huu, au asilimia 75 ya dimandi kubwa kabisa ya miezi mitatu iliyopita. Mwaka wa kwanza tangu kuunganishwa umesamehewa sharti hilo, na ndiyo maana wengi hulishtukia msimu wa pili.

Tuseme Julai, mpunga umejaa uani, ulifika kVA 110. Agosti 35, Septemba 20, Oktoba 20. Asilimia 75 ya 110 ni 82.5. Agosti, Septemba na Oktoba utalipia kVA 82.5, yaani shilingi 1,237,830 kila mwezi, wakati kwa matumizi yako ya Septemba ungelipa 300,080 tu. Novemba ndipo Julai inatoka kwenye hesabu.

Igeuze hesabu hiyo. Kama Julai ungepanga kazi ukaishia kVA 85, ungeokoa 375,100 mwezi huohuo, na 281,325 kwa kila mwezi wa mitatu inayofuata. Ni zaidi ya shilingi milioni 1.2 kabla ya kodi, bila kununua kifaa chochote. Msimamizi wa zamu anayeelewa jambo hili anastahili kuongezewa posho.

Hatua ya 5: Pawafakta

Dimandi hupimwa kwa kVA, siyo kW, na pawafakta ndiyo inayotofautisha hizo mbili. Mzigo wa kW 48 kwenye pawafakta ya 0.70 ni kVA 68.6. Uleule kwenye 0.95 ni kVA 50.5. Tofauti ni kVA 18, karibu shilingi 270,000 kwa mwezi. Kapasita, vifaa vya kuinua pawafakta, za takribani kVAr 33 (kipimo cha ukubwa wake) zinatosha kuifuta.

Soma 13.7.0 mashine zikiwa kwenye kazi kamili, siyo wakati wa chakula cha mchana. Ukikuta chini ya 0.9, chunguza mota kubwa zinazofanya kazi ndogo na welding za kizamani. Na kama tayari una kapasita, fungua boksi lake kabla ya kununua jingine. Nimezoea kukuta fyuzi zimeungua na taa ya kijani bado inawaka. Kapasita ziwe na kidhibiti kinachoziingiza na kuzitoa zenyewe. Zikibaki usiku kucha bila mzigo, zinakuletea tatizo la upande wa pili, yaani kapasita kuzidi mzigo.

Hatua ya 6: Namba mbili za usiku

Hii inamfaa kila mtu, hata wa T1. Piga picha ya 1.8.0, jumla ya uniti kwenye skrini, wakati wa kufunga, nyingine asubuhi kabla ya kuwasha chochote. Kwenye LUKU tumia uniti zilizobaki.

Mfano: jioni 18,452.6, asubuhi 18,453.9, kizidishio 40. Tofauti ni 1.3, mara 40 ni uniti 52, shilingi 10,140 kwa usiku ambao hakuna aliyefanya kazi. Hapo tafuta: kompresa inayojaza mtungi unaovuja, feni iliyosahauliwa, friji ya soda, au waya unaoelekea kwa jirani.

Kwa msomaji wa Kenya, usiku una hesabu nyingine. Wateja wa makundi ya CI, yaani biashara kubwa na viwanda, hupewa punguzo la uniti za saa zisizo na msongamano, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, na kwako saa ya mita ikikosea inagusa bili moja kwa moja. Tazama pia rejista za nyakati, 1.8.1 na 1.8.2, zinazotenga uniti za kila kipindi.

Hatua ya 7: Daftari, kisha dai

Kila Jumatatu asubuhi andika tarehe, 1.8.0, 9.6.0 na 13.7.0. Inatosha. Ukiona 9.6.0 imeshapanda wiki ya kwanza, mwezi huo kilele umeshakilipia. Fanya kazi hadi kiwango hicho bila wasiwasi, lakini usikivuke. Ukiona bado iko chini, ilinde. Bili ikifika, toa 1.8.0 ya mwezi uliopita kwenye ya mwezi huu, zidisha kwa kizidishio, kisha linganisha uniti, dimandi na hesabu ya asilimia 75.

Ikipishana, usianzie kwenye simu. Andika barua kwa ofisi ya TANESCO ya eneo lako, ambatisha picha, taja kodi ya skrini na kizidishio, na uombe pia kumbukumbu za mita za kila nusu saa kwa mwezi huo. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na jibu, ndiyo utakayopeleka EWURA, ambao hupokea malalamiko ya wateja. Kwenye kila picha namba ya mita ionekane pamoja na skrini, la sivyo mtu wa dawati hana namna ya kujua umepiga mita ya nani.