SOMO: Kuchagua bima ya meno Mombasa (someni kabla ya kuniuliza)

Swali ni lilelile kila wiki: "Bima gani nzuri ya meno?" Nimechoka kulijibu kipande kipande, kwa hivyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Mimi si wakala wala sipati komisheni. Kazi yangu ni kujaza fomu za madai katika kliniki ya meno hapa mjini. Naziona zinazolipwa na naziona zinazorudi zimekataliwa.

Hatua ya 1. Angalia kama tayari unayo. Kadi ya bima ya kazini, yako au ya mwenzio, huenda inalipia meno na hujui.

Hatua ya 2. Elewa unachouziwa. Hapa Kenya meno kwa kawaida hayauzwi peke yake. Unanunua bima ya kulazwa, juu yake matibabu bila kulazwa, kisha meno na macho kama nyongeza. Wakala akuandikie bei ya kila kipande kando. Akikupa jumla moja, mrudishie karatasi yake.

Hatua ya 3. Piga hesabu. Tuseme nyongeza ya meno ni shilingi 7,000 kwa mwaka na kikomo, yaani mwisho wa pesa watakazokulipia mwaka huo, ni 20,000. Hujanunua 20,000 hapo. Umenunua 13,000, na hizo utazipata tu ukiumwa mpaka kikomo kiishe. Pigia simu kliniki unayoitumia, uliza bei ya kusafisha na ya kuziba jino moja. Kama mwaka wako wa kawaida haufiki 7,000 na meno ni mazima, zifungie pesa hizo M-Shwari, akiba ya kwenye simu. Kikomo usichokitumia kwa kawaida hakivuki mwaka. Mwenye watoto watatu wanaotafuna mabuyu kila wakitoka madrasa hesabu yake ni nyingine, na yeye aulize pia kama kikomo ni cha kila mtu au cha nyumba nzima.

Hatua ya 4. Soma ukurasa wa visivyolipwa. Hapa ndipo mimi nilipoumia, kabla sijaingia kazi hii. Bima yangu iliandika wazi kwamba inalipa matibabu ya mzizi wa jino, yale mnayoita ruti kanali. Ikalipa, nikafurahi. Lakini gego lililotibiwa mzizi kwa kawaida huhitaji kuvikwa krauni, yaani kofia ngumu ya jino, kwa sababu limechimbwa likabaki kuta nyembamba. Ukilitafunia hivyohivyo linaweza kupasuka. Na krauni ilikuwa ukurasa wa visivyolipwa. Nikaahirisha, gego likapasuka hadi chini ya ufizi, ikabidi ling'olewe. Kung'oa, bima ililipa.

Kwa hivyo usiulize "mnalipa ruti kanali?" Uliza "mnalipa ruti kanali pamoja na krauni yake?" na jibu lije kwa maandishi. Wengine wanaokaa sana kwenye ukurasa huo ni vyuma vya kunyoosha meno, meno ya bandia, meno ya kupandikiza na kung'arisha. Kusafisha kuna utata: kuna wanaolipia mara moja kwa mwaka, na kuna wanaolipia tu daktari akiandika kuwa ufizi una ugonjwa.

ONYO: wakala akikwambia "hiyo tutaongea nao," jua haimo.
ONYO la pili: kijikaratasi cha rangi za kupendeza si mkataba. Omba masharti kamili, hata kama ni kurasa arobaini.

Hatua ya 5. Kipindi cha kusubiri. Kulipa leo si kutibiwa leo. Uliza cha meno ni muda gani, na uliza kando kuhusu jino lililokuwa bovu kabla hujajiunga. Usidanganye kwenye fomu, maana eksrei haina aibu.

Hatua ya 6. Pigia kliniki yenyewe uulize kama bado wanaipokea kadi hiyo. Orodha za mawakala huwa za zamani. Na kama wakaa Likoni na kliniki zote zipo Nyali, tia hesabuni na foleni ya feri.

Hatua ya 7. Kazi kubwa huombewa kibali cha bima kwanza. Usikae kwenye kiti kabla jibu halijarudi.

MASWALI

Kijana wa Bamburi: Somo refu mno. Taja kampuni ya bei rahisi tu.
Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Bamburi: Jina moja tu litakuua?
Jibu: Nikutajie leo, mwakani wabadilishe masharti, uje unitukane mimi? Hatua ya 3, kisha ya 4.

Mama Fahmi: Assalaam aleikum. Jino laniuma tangu Ijumaa na shavu limefura. Nichukue bima gani wiki hii?
Jibu: Waaleikum salaam mamangu. Wiki hii usichukue yoyote, haitakufaa kwa jino hilo. Nenda ukatibiwe leo kwa pesa taslimu. Uvimbe ukipanda kuelekea jicho au ukishuka shingoni, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje asubuhi: kimbia hospitali ya Makadara, idara ya dharura. Bima tutaongea ukishapona.

Fundi Changamwe: Mimi nakatwa SHA, bima ya afya ya serikali, kila mwezi. Kwa nini nilipe mara mbili?
Jibu: SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya serikali ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Hiyo ni lazima, ya binafsi ni hiari. Kabla ya kununua, nenda dirishani kwenye kituo unachotibiwa uwaulize: kwa jino hili SHA italipa nini, nami nitoe nini? Hesabu ya hatua ya 3 uifanye kwa kile utakachotoa wewe.

Binti Kibokoni: Shukran kwa somo. Nyumbani wazee hawataki bima ya kawaida kwa sababu ya gharar, ule utata wa mkataba unaokatazwa kisharia. Takaful, bima ya Kiislamu, nayo ina hatua hizihizi?
Jibu: Swali zuri. Hukumu muulizeni sheikh wenu, mimi nazungumzia karatasi. Katika takaful mchango wenu ni tabarru, yaani wa kujitolea, unaingia mfuko wa kusaidiana. Msimamizi huchukua ujira wake, na ziada ikibaki yaweza kurudi kwa wanachama. Lakini kikomo kipo na ukurasa wa visivyolipwa upo. Fuata hatua zote, ongeza swali moja: ziada hugawanywa vipi, na aliyedai mwaka huo naye hupata?

Mwana wa Tudor: Kaka yangu yupo Leicester, ana mpango analipa kidogo kila mwezi, akitibiwa anarudishiwa pesa. Ndiyo bima hiyo?
Jibu: Ni jamaa yake. Kule mtu hulipa daktari mwenyewe, hutuma risiti, hurudishiwa yote au sehemu mpaka kikomo cha mwaka. Mpango huo una maana kwao kwa sababu bei za NHS, huduma ya afya ya serikali yao, zinajulikana. Kwa England, zilizoanza Aprili 2025 zilikuwa: uchunguzi pauni 27.40, kuziba, kung'oa au kutibu mzizi 75.30, krauni au meno ya bandia 326.70. Kaka yako anaweza kupiga hesabu yake kabla mwaka haujaanza. Huku kila kliniki na bei yake, ndiyo maana nimesema piga simu.

Mwana wa Tudor: Nimekuelewa. Na mbona dai langu lilirudi ilhali kibali nilikuwa nacho?
Jibu: Tazama namba ya jino. Meno huandikwa kwa tarakimu mbili: ya kwanza ni robo ya kinywa (juu au chini, kulia au kushoto), ya pili ni nafasi kutoka katikati. 36 ni gego kubwa la kwanza la chini kushoto, 46 ni mwenzake wa kulia. Kibali kikisema 36 na fomu ikasema 46, linarudi.

Mwana wa Tudor: Wallahi ndivyo ilivyo! Larekebishika?
Jibu: Larekebishika. Kliniki iandike barua ya kusahihisha, ambatisha eksrei, tuma tena kabla muda wa kudai haujaisha. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, kisha ndiyo uende nayo Mamlaka ya Kusimamia Bima.